Ulinzi wa Bustani

Kila kitu chema kina wakati wake wa kupendwa na wakati wake wa kuonewa choyo. Bustani ya mboga wakati wa masika hupendwa na mwenyewe tu. Kila ua una mchicha, kila bonde lina majani, na mlenda huota hata juu ya jaa bila ya kupandwa na mtu. Wakati huo mdudu hana haja ya kusafiri ili ashibe, wala mtu hana haja ya kuvuka ua wa mwenziwe. Lakini masika yakiisha, na jua likianza kuikausha nchi, bustani ile ile hugeuka. Yaliyokuwa majani miongoni mwa majani huwa ndiyo majani ya pekee yaonekanayo. Na kila kiumbe aishiye kwa majani, awe wa miguu sita, minne au miwili, huyaelekea. Sifa inayoifanya bustani istahili kulindwa ndiyo inayowaita maadui wake.

Chini ya milima ya Uluguru, katika mji wa Morogoro, badiliko hili huonekana mwezi wa Juni. Mvua kubwa huwa zimekoma mwezi wa Mei. Ukungu wa asubuhi hulala bado juu ya vilele, na mito hushuka ingali na maji, lakini nyasi za viwanjani huwa zimeanza kugeuka rangi. Huko juu milimani baridi na unyevu huisaidia mboga, na wakulima huiteremsha mjini kwa matenga na mafurushi. Huku chini, mwenye kutaka mboga ya nyumbani kwake hana budi kuimwagilia kwa mkono. Fungu la mchicha, ambalo masika lilikuwa kubwa na rahisi, hupungua ukubwa na kupanda bei kwa pamoja. Hapo ndipo kiangazi kinapoingia katika hesabu ya jiko, na hapo ndipo ulinzi wa bustani unapoanza.

Katika mtaa mmoja wa mji huo aliishi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye baada ya kuiacha chaki alishika jembe. Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba: hatua 20 kwa urefu na hatua 12 kwa upana. Ndani yake mlikuwa na matuta mawili ya mchicha, tuta moja la sukuma wiki, mistari minne ya nyanya, bamia, nyanya chungu, pilipili chache, na mpapai uliosimama pembeni kama mzee wa baraza. Kila siku aliimwagilia ndoo 24: 12 kabla ya jua kuchomoza na 12 baada ya jua kupoa. Aliyezibeba ndoo hizo hakuhitaji kuelezwa thamani ya nyanya moja. Mnunuzi huipima nyanya kwa fedha, na fedha huweza kupatikana tena. Mwenye bustani huipima kwa siku za umri wake, ambazo hazipatikani tena. Kwa sababu hiyo hasira ya mkulima aliyeibiwa aghalabu huonekana kubwa kuliko mali iliyoibwa. Watu husema amekasirikia mboga, kumbe amezikasirikia asubuhi zake.

Maadui wa kwanza walikuwa wadogo. Sota, kiwavi wa rangi ya udongo, hulala mchana ardhini na hutoka usiku kuukata mche shinani, na asubuhi mche huonekana umelala kama mtu aliyepigwa rungu. Hula sehemu ndogo tu ya mche alioukata, kwa hiyo uharibifu wake huzidi mno njaa yake. Dawa yake ya kale ni jicho na kidole: mwalimu alifukua udongo kando ya mche uliokatwa, akamtoa sota akiwa bado amejikunja, akamtupia kuku. Kuzunguka miche iliyobaki alitandaza majivu makavu ya jikoni. Majivu humsumbua mdudu mwenye ngozi laini, lakini yakishalowa nguvu yake huisha. Basi kila alipomwagilia alilazimika kuyarudia.

Baada ya sota walikuja vidukari. Hao hukaa chini ya jani, wamesongamana, wakifyonza utomvu hata jani likakunjamana. Jike la kidukari huweza kuzaa bila dume, na mtoto wake huwa mama baada ya siku chache, kwa muda wa juma moja hivi penye joto. Jani lililokuwa safi siku ya Jumatatu huweza kuwa na kijiji kizima Jumatatu ya pili. Vidukari hutoa majimaji matamu, na sisimizi, ambao huyapenda, huwalinda kama wachungaji walindavyo ng'ombe wao. Kwa hiyo mwenye bustani aonaye msafara wa sisimizi ukipanda shina la bamia hana haja ya kuwasifu kwa bidii yao. Na apindue jani, aone wanachokichunga.

Mdudu aliyemwogopesha zaidi alikuwa mgeni. Ni nondo mdogo wa kijivu, asili yake Amerika ya Kusini, aliyeingia Hispania mwaka 2006, akavuka Afrika, na mwaka 2014 akaonekana kaskazini mwa Tanzania. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Wakulima hawakungoja jina la Kilatini: walimwita Kanitangaze, kana kwamba mdudu mwenyewe humwambia aliyeharibiwa shamba, nenda ukaisimulie habari yangu. Jike lake moja huweza kutaga mayai yapatayo 260. Kiwavi wake huingia kati ya ngozi ya juu ya jani na ngozi ya chini, akala nyama ya jani akiwa amejificha humo ndani, na baadaye hulitoboa tunda lenyewe. Aliye nje hunyunyiza. Aliye ndani hula. Methali ya wahenga kwamba kikulacho ki nguoni mwako ilikuwako kabla ya mdudu huyu kufika, lakini ni shida kupata mfano wake ulio wazi zaidi.

Mwalimu alipigana na maadui hawa kwa silaha zilizokuwa karibu. Majani yenye michirizi ya Kanitangaze aliyachuma, akayachoma moto. Hakupanda nyanya, biringanya wala nyanya chungu mahali pale pale misimu miwili mfululizo, kwa maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na adui wa mmoja huwarithi wengine. Alizitwanga mbegu za mwarobaini, akaziloweka usiku kucha, akazichuja kwa kitambaa, akatia sabuni kidogo ili maji yale yashike jani, akanyunyiza jua lilipokuwa linatua. Kunyunyiza jioni kulikuwa na sababu: nguvu ya mwarobaini huvunjwa upesi na jua. Tena mwarobaini hauui papo hapo. Humfanya mdudu achukie chakula na ashindwe kujivua ngozi ili akue. Kwa hiyo mtu mwenye haraka huudharau, akidhani haukufanya kazi, kumbe kazi inaendelea.

Alikuwa na marafiki pia. Vunjajungu alisimama juu ya bamia ameikunja mikono yake kama aombaye, na watoto walimwogopa, kwa maana husemwa kwamba amgusaye huvunja chombo. Buibui walitega kati ya nyanya. Chura alikaa chini ya mtungi uliopasuka. Mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, alitembea juu ya majani akila vidukari mmoja mmoja, na watoto wake walikuwa walafi kama yeye. Hawa wote walikuwa walinzi wasiodai mshahara, na kila mmoja alidai jambo moja tu: asiuawe pamoja na adui.

Jambo hilo moja ndilo gumu. Lugha ya Kiswahili hutumia neno dawa kwa kimponyacho mgonjwa na kwa kimwuacho mdudu. Neno hilo lina heshima kubwa, na sumu ikivikwa neno hilo hupata heshima isiyo yake. Ulimwengu mzima umepita katika kosa hili. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi alitambua uwezo wa DDT wa kuua wadudu, na mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel, kwa haki, kwa sababu sumu ile iliokoa watu wengi katika maradhi yanayoenezwa na wadudu. Lakini ilipomwagwa mashambani kama maji iliendelea kukaa katika udongo, katika samaki na katika ndege. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani aliandika kitabu kilichowaamsha wasomaji wengi, na mwaka 1972 nchi yake iliyazuia karibu matumizi yote ya sumu hiyo katika kilimo. Kosa halikuwa kuitumia silaha. Kosa lilikuwa kusahau kwamba silaha haijui jina la inayempiga. Anyunyizaye sumu kali juu ya tuta humwua kidukari na humwua amlaye kidukari; kisha kidukari, azaaye upesi, hurudi kwanza na kukuta bustani haina mlinzi.

Hata hivyo, mwaka mmoja Kanitangaze alizidi. Nusu ya majani ya nyanya yalikuwa yameungua, na matunda yalikuwa yamebakiza siku chache kuiva. Mwalimu alikwenda katika duka la pembejeo, akanunua chupa ndogo ya dawa, akaazima bomba la kupulizia, akafunga kitambaa puani, akapulizia siku ya Jumanne jioni. Kibandiko cha chupa kiliagiza kwamba matunda yasichumwe mpaka zipite siku saba. Yeye, aliyezoea kusahihisha madaftari, hakupuuza maandishi madogo. Aliandika tarehe katika kalenda ya ukutani, akawaambia wa nyumbani mwake wasiguse nyanya mpaka Jumanne ya pili.

Alhamisi usiku nyanya ziliibwa.

Lazima isemwe kwamba bustani ile haikuwa wazi. Ilizungukwa na ua wa minyaa, mti wenye utomvu mweupe uchomao macho, na penye mapengo palisongwa matawi ya michongoma. Ua ule ulikuwa umewazuia mbuzi wa mtaa kwa miaka mingi, na kuku pia, ila wale wenye ujanja. Lakini ua wa miti una kazi mbili zilizo mbali. Kwa mbuzi ni kizuizi. Kwa mtu ni neno tu. Humwambia: hapa ndipo pa mwenzio panapoanzia. Aliye tayari kulisikia neno hilo hahitaji miiba, na asiye tayari kulisikia hutafuta gunia la kutandika juu ya miiba. Mwizi yule alitandika gunia. Alichuma nyekundu na zilizokaribia kuwa nyekundu, akaacha mbichi, na hakukanyaga tuta hata moja. Alikuwa mtu aliyeijua bustani kama mwenyewe, na aliyekuwa akizihesabu siku zake kama mwenyewe.

Wachukuao vya watu bustanini si wa namna moja, na mwenye kulinda hana budi kuwapambanua. Yupo mtoto atokaye shuleni na njaa yake, aingizaye mkono uani, akatwaa nyanya moja, akaila akikimbia. Yupo jirani aliyepungukiwa siku ile, achumaye majani ya mboga ya kutosha sufuria moja, na ambaye kesho angeomba kama haya isingemzuia. Yupo na yule ajaye usiku na gunia. Sheria za kale zilizitambua tofauti hizi. Katika Torati mpita njia aliruhusiwa kula zabibu za mwenziwe mpaka ashibe, lakini alikatazwa kuzitia chomboni. Katika mapokeo ya Kiislamu, kinacholiwa na ndege, mnyama au mtu katika alichokipanda Mwislamu huhesabiwa kuwa sadaka ya aliyepanda. Chombo ndicho kipimo. Mkono mtupu huonyesha njaa. Gunia huonyesha shauri lililokatwa nyumbani.

Basi Ijumaa asubuhi habari zilienea, na majirani walikuja kumpa pole, kila mmoja na shauri lake. Wa kwanza alishauri ubao wenye misumari ufukiwe chini ya ua. Wa pili alishauri waya wa umeme. Wa tatu alisema kwamba siku nyingine mwalimu asimsemeshe mwizi bali apige ukelele tu, na mtaa utajua la kufanya. Shauri hilo lilikuwa baya kuliko yote, ingawa lilikuwa jepesi kuliko yote. Katika miji ya Afrika Mashariki ukelele wa mwizi ukipigwa usiku, watu hutoka na mawe kabla ya kutoka na taa. Wapo waliokufa kwa kuku, na wapo waliokufa kwa kufananishwa. Apigaye ukelele huo anaweza kuuanza, lakini hawezi kuuzima; na nyanya zilizorudishwa kwa njia hiyo haziliki.

Kijana mmoja, aliyepata kusomeshwa naye, alisubiri mpaka wengine walipoondoka. Alikuwa amesikia habari za bomba na za siku saba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, nyamaza tu. Tumbo lake litamtaja."

Mzee alikaa kimya kidogo, akitazama mistari minne isiyokuwa na wekundu. Haikosi kwamba neno lile lilikuwa na utamu. Hapakuwa na mtego uliotegwa wala kosa la kisheria lililotendwa. Sumu ilikuwa imenyunyizwa kwa ajili ya mdudu, na kama mwizi alijitia kati ya sumu na mdudu, nani wa kulaumiwa? Kunyamaza hakuhitaji nguvu, na wahenga wamekwisha kusema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Huenda ya arobaini ilikuwa imefika bila ya mtu kunyanyua mkono.

"Mwanangu," alijibu mwisho, "tumbo litakaloumwa huenda si lake."

Katika maneno hayo machache mlikuwa na hesabu ambayo hasira haikuifanya. Mwizi wa gunia haibi ili ale. Huiba ili auze. Nyanya zile zingefika sokoni kabla ya jua kuwa kali, zikapangwa mafungu, zikanunuliwa kwa fedha halali na mama aliyeamka alfajiri, zikakatwa mbichi katika kachumbari ya watoto. Mwizi angepata fedha, na asiyeiba angepata sumu. Kimya cha mwalimu kingepita juu ya kichwa cha mkosaji na kumwangukia asiyekuwa na kosa. Na hata kama ingekuwa hakika kwamba mwizi peke yake ndiye atakayekula, adhabu ya tenga la nyanya si maradhi. Wala hapana mahakama iliyompa mwenye bustani kazi ya kumhukumu mtu kwa chakula.

Mwalimu alivaa kanzu yake, akatoka. Alikwenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, akamweleza bila kuficha: nyanya zangu zimeibwa, na nyanya hizo zina dawa ya siku mbili. Alikwenda msikitini kabla ya sala ya Ijumaa, na kwa mzee wa kanisa la jirani. Kisha alikwenda sokoni, akapita katika meza za nyanya moja baada ya moja, akieleza umbo la nyanya zake na madoa meupe ya dawa yaliyokaukia karibu na vikonyo, akiwaomba wauzaji waulize walikozitoa walizoletewa asubuhi ile. Safari hiyo haikuwa ya heshima. Wauzaji walimkasirikia, kwa maana mnunuzi asikiapo neno sumu hachagui meza, huondoka. Mama mmoja alimwambia, "Mzee wangu, unatuharibia riziki." Alikuwa na haki, naye hakumjibu. Wengine walicheka kwamba aliyeibiwa anamtafuta mwizi ili amwonee huruma. Wengine walishangaa kwamba mzee aliyewafundisha watoto wao usafi na afya hupulizia sumu nyuma ya nyumba yake. Aliyeibiwa usiku alijivua nguo mchana, mbele ya mji, ili watu asiowajua wasidhurike.

Siku ya Jumapili watoto waliokwenda kuokota kuni waliona nyanya zimemwagwa katika korongo lililo nyuma ya mtaa. Mwalimu alizitambua. Zilikuwa nyingi, lakini hazikuwa zote. Nani aliyezitupa, na kama alizitupa kwa kumwogopa balozi, kwa kuliogopa tumbo lake, au kwa kuwaonea huruma watu, hapana aliyejua. Zilizopungua hazikupata maelezo. Hapakusikika mgonjwa katika mtaa ule, wala hapakuwa na mtu aliyekuja kuungama. Mwalimu alichimba shimo mbali na bustani, akazifukia.

Jambo hilo dogo lafaa kufikiriwa pamoja na desturi moja ya kale. Wazee wa pwani walizilinda mali zao kwa kago na fingo. Shambani paliweza kuonekana kitambaa kilichofungwa mtini, au chupa au kifuu kilichotundikwa mahali pa wazi, na aliyekiona alijua kwamba pana kinga. Akichukua kisicho chake, atapatwa. Wasomi wengi wa sasa huiona desturi hiyo kuwa ushirikina, na kwa upande wa uganga wana hoja. Lakini mna adabu ndani yake ambayo haikutazamwa vya kutosha. Kago lililotundikwa mtini husema kabla ya kutenda. Limewekwa ili lionekane, na furaha ya aliyeliweka ni kwamba mtu alione, ageuke, arudi kwake salama. Mtego uliofukiwa, waya uliofichwa na sumu iliyonyamaziwa vina tabia iliyo kinyume: hufanya kazi pale tu visipojulikana. Avitegaye huacha kutamani mwizi asije. Huanza kutamani aje. Saa hiyo amekwisha kuacha kuwa mlinzi wa bustani yake na amekuwa mwindaji ndani ya bustani yake, na mboga zake zimekuwa chambo.

Hapo ndipo penye mpaka kati ya kulinda na kuvizia. Mlinzi hutangaza, mviziaji hunyamaza. Nia ya mlinzi hutimia siku ambayo halikutokea lolote, na nia ya mviziaji hutimia siku ya maafa. Wote wawili waweza kuwa na ua mmoja, mboga zile zile na haki ile ile ya mali. Hata hivyo, mmoja analala, na mwingine yu macho akisubiri ukelele. Hata mdudu aliyetoka ng'ambo amepewa na wakulima jina lenye agizo la kutangaza. Ni aibu mtu kuwa msiri kuliko mdudu.

Mwalimu hakuiacha bustani, wala hakuwa mtakatifu. Alibaki na chuki yake kwa yule mtu wa gunia, na alipokunywa chai alimtaja kwa majina yasiyoandikika. Lakini taratibu zake zilibadilika. Alirudi kwenye mwarobaini na kidole, na kila alipolazimika kutumia dawa ya dukani alifunga kitambaa chekundu katika kijiti kirefu kilichoonekana kutoka njiani, akawaambia watoto wote wa mtaa maana yake: penye nyekundu pana sumu, msiguse mpaka kitoke. Watoto walikipa heshima kubwa kuliko walivyoupa ua. Nje ya ua, kandokando ya njia, alipanda mstari wa matembele, mboga isiyotaka ulinzi na iotayo kwa kipande cha shina, akatangaza kwamba huo si wake. Mwenye haya alichuma bila kuomba. Kwa jirani yake mjane, ambaye dirisha lake liliitazama bustani, alipeleka kila Ijumaa fungu la mchicha; si ujira, kwa maana hapakuwa na mapatano, lakini tangu hapo lilikuwapo jicho la pili lililoihesabu bustani ile kuwa yake.

Wizi haukukoma. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule mapapai mawili yaliondoka usiku, na mwaka uliofuata sota walirudi kama kwamba hawakupata kufukuzwa. Anayeahidi dawa ya kumaliza wadudu wote, au ua wa kumzuia kila mwizi, anauza chupa au anauza waya. Bustani ni mahali palipo wazi chini ya mbingu. Huwezi kuipa jua ukainyima macho ya watu, wala kuipa maji ukamnyima nyuki na kiwavi habari zake. Kulinda, basi, ni kukubali hasara kwa kipimo: kidogo kwa ndege, kidogo kwa mtoto mwenye njaa, kidogo kwa jirani mwenye haya, na mapambano ya haki na ya wazi kwa kilichobaki.

Mchumia juani hulia kivulini, na ni haki yake. Kivuli hicho hustahili ua, majivu, mwarobaini, jicho la jirani, na hata kilio cha kuomba msaada wa sheria. Hakistahili uhai wa mtu. Kiangazi kitakuja kila mwaka na kuifanya kila bustani ya kijani kuwa jaribu kwa wapita njia. Ni jaribu kwa mwenyewe pia, kwa kuwa aliye na kitu cha kulinda huulizwa kila usiku, kabla ya kufunga mlango, ni kitu gani hasa anachotaka asubuhi akikute: bustani yake nzima, au mtu ameanguka ndani yake.